Merikebu Isiyo na Silaha

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nilijifunza kutokana na swali la mtoto, swali ambalo siku ile sikulijibu.

Ilikuwa mwaka 1997. Nilikuwa nikicheza Master of Orion, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na Simtex, kampuni ya Steve Barcia, na kutolewa na MicroProse mwaka 1993. Mchezaji hutawala taifa moja la angani. Huanza na sayari moja, merikebu moja ya walowezi, na merikebu mbili ndogo za upelelezi. Hizo mbili hazina silaha yoyote. Badala yake zimewekewa matangi ya akiba ya mafuta, ili zifike mbali kuliko vyombo vingine. Machoni pa mchezaji nyota ni nukta tu. Hajui ipi ina sayari yenye rutuba na ipi ina sumu mpaka mpelelezi afike. Akiwatuma walowezi bila kupeleleza, huenda wakasafiri miaka mingi na kukuta mwamba mtupu.

Mwandishi Alan Emrich, alipouelezea mchezo huo katika jarida la Computer Gaming World mwaka huohuo wa 1993, aliyafupisha mambo yake kwa herufi X nne: kuvumbua, kujitanua, kuvuna na kuangamiza. Tazama mpangilio huo, msomaji. Kuvumbua ndiko kunakotangulia, na kazi hiyo hupewa asiye na silaha. Sababu ni ya hesabu: mpelelezi ni wa bei nafuu, na akipotea hasara ni ndogo.

Nami nilifikiri hivyohivyo. Nyota ya Orion inalindwa na Mlinzi mwenye nguvu za kutisha. Nilijua kuwa yupo. Hata hivyo nilimtuma mpelelezi wangu, ili nione tu. Hakurudi. Mpwa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, akaniuliza, “Mjomba, mle ndani mlikuwa na watu?” Nikacheka, nikamwambia ni mchezo tu. Yeye hakucheka.

Michezo iliyofuata ililigusa swali lake kwa njia mbalimbali. Katika StarCraft ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka mwaka 1998, taifa la Protoss lina chombo kiitwacho Observer. Hakina silaha, lakini hakionekani mpaka adui awe na kifaa cha kukigundua. Ajabu ni kwamba chombo chao kiitwacho Scout, yaani mpelelezi, ni cha kivita! Naam, jina lilibaki kwa mwenye silaha, na kazi ikaenda kwa asiyeonekana.

Kisha mwaka 2016 kampuni ya Paradox ikatoa Stellaris. Humo kazi ya kupima sayari hufanywa na chombo cha kisayansi kisicho na silaha, na kiongozi wake ni mwanasayansi mwenye jina, umri na tabia zake. Chombo kikiangamia, naye huweza kufa.

Mpwa wangu, ambaye sasa ni mtu mzima, ndiye aliyenionyesha mchezo huo. Nikamwambia, “Sasa wamo.” Hakuelewa, swali lake alikwisha kulisahau. Mimi sijalisahau. Siku hizi nikifika kwenye nyota yenye mlinzi, humrudisha mpelelezi wangu nyumbani, hata kama ramani itabaki na doa jeusi.