Upande wa Pili wa Mkondo

Vitabu vya kuwaongoza watalii huipa Konde mistari miwili mitatu tu. Ni mji mdogo wa kaskazini mwa Pemba, vinasema, ambapo daladala za kutoka Wete na Chake Chake hufikia mwisho wa safari. Hapo unashuka, unatafuta baiskeli, unaendelea hadi msitu wa Ngezi, ufuko wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Maelezo hayo hayana uongo. Ila barabara hiyohiyo ina historia ambayo haimo vitabuni humo, nami niliijua kwa sababu nilifika Konde kutembea, pamoja na mume wangu wa miezi minne, katika wiki ambayo nchi yetu ilianza kuungua.

Ilikuwa Desemba 2007. Mimi ni Mdigo wa Kwale, mume wangu ni Mkikuyu aliyezaliwa Burnt Forest, karibu na Eldoret. Tulipiga kura Alhamisi ya tarehe 27, na kesho yake tukavuka kutoka Shimoni kwenda Wete. Fungate letu lilikuwa limecheleweshwa na kazi, na Pemba ilikuwa nchi ya nje iliyokuwa karibu zaidi na mfuko wetu.

Karibu, kwa kweli. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, kutoka Konde hadi Shimoni ni kama kilomita 50. Kutoka Konde hadi mjini Unguja, yalipo makao ya serikali ya Zanzibar, ni karibu 150. Mpaka wa leo unatufanya wageni, lakini bahari haikuwahi kusoma ramani hiyo. Wamazrui wa Mombasa waliitawala Pemba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1820, walipofukuzwa na majeshi ya Seyyid Said. Makaburi yao yako Chwaka, karibu na Tumbe, mwendo mfupi tu kutoka Konde. Kabla yao, na katika zama zao, mchele wa Pemba ndio uliolisha Mombasa. Ilipofika zamu ya karafuu, biashara yake ikawa mikononi mwa serikali, na kila bei ya ng'ambo ilipopanda, magunia yalivuka usiku kwa magendo kwenda Kenya. Wavuvi wa pande zote mbili wanaijua njia hiyo bila dira.

Tarehe 30, Jumapili, tulikodi baiskeli mbili Konde na kuelekea Ngezi. Msitu huo ni kipande kilichobaki cha misitu iliyowahi kufunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mikarafuu. Kiongozi wetu alituonyesha mpapindi, mti wa jamii ya mitende ambao asili yake ni Pemba, akatueleza habari za popo wakubwa wa Pemba wasiopatikana kwingine duniani. Mchana tukafika Vumawimbi. Ufuko ule ni mrefu na mweupe, na siku ile haukuwa na mtu ila vijana wawili waliokuwa wakiburura mtumbwi. Tuliogelea. Mume wangu alipiga picha mwamba mmoja mara nyingi mno.

Jioni ile, tulipokuwa tumerudi kwenye chumba tulichopangishiwa na mzee mmoja wa Konde, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alitangaza matokeo: Mwai Kibaki kura 4,584,721, Raila Odinga 4,352,993. Muda mfupi baadaye Kibaki akaapishwa Ikulu ya Nairobi, giza likiingia. Tulisikia kwenye redio ya mzee, barazani, pamoja na majirani kama kumi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja jioni ileile, kwa hiyo kuna saa ambazo watu wa Konde, kwa redio zao za masafa mafupi, walijua mengi kuliko jamaa zetu waliokuwa ndani ya nchi.

Kwa watu wa barazani hadithi ilikuwa nyepesi. "Wameibiwa," alisema mmoja, kwa sauti ya mtu anayeutambua ugonjwa aliowahi kuugua. Konde ni ngome ya upinzani tangu vyama vingi virudi, na wao walikuwa na hesabu zao za 1995 na za 2000. Mimi nilikubaliana nao kimoyomoyo. Nilikuwa nimempigia Raila. Kisha jirani mmoja akamgeukia mume wangu. "Na wewe, bwana, kwenu wapi?" Akasema. Baraza likanyamaza kidogo, si kwa uadui, ila kwa hesabu mpya. Jina la mume wangu lilimweka upande wa walioshinda. Saa mbili baadaye baba yake alipiga simu kutoka Burnt Forest: nyumba za jirani zilikuwa zinawaka, na yeye na mama walikuwa wamejificha katika shamba la mahindi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza habari za Januari 2001, kwa sababu mzee alizitaja mwenyewe. Alisema tu, "Mahindi yanaficha. Sisi tulijificha mikokoni."

Ninachoandika hapa kuhusu 2001 nimekipata kwake na katika ripoti nilizosoma miaka ya baadaye. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000 ulivurugika. Kura zikarudiwa Novemba katika majimbo 16 ya Unguja, na CUF, chama cha Seif Sharif Hamad, kikasusia. Amani Karume akaapishwa. CUF ikaitisha maandamano ya Jumamosi, 27 Januari 2001, kudai uchaguzi mpya. Serikali ikayapiga marufuku. Watu walitoka hata hivyo, na polisi wakafyatua risasi za moto: Wete, Chake Chake, Micheweni, na mjini Unguja, ambako watu walikuwa wameshauawa msikitini siku moja kabla. Micheweni ndiyo wilaya ya Konde. Huko aliuawa pia askari polisi mmoja, mikononi mwa waandamanaji. Mzee hakuiruka habari hiyo. "Na yule alikuwa mtoto wa mtu," alisema.

Baada ya risasi kulifuata msako wa nyumba kwa nyumba, vipigo na uporaji. Ndipo barabara ya kaskazini ilipobadilika kazi. Watu walishuka kwenye vichochoro vya mikoko na fuko za uvuvi, wakapanda mashua na ngalawa, wakaelekea Shimoni. Walifika wapatao 2,000. Kwa mara ya kwanza tangu Muungano wa 1964, Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi na Kongo, ikazalisha wakimbizi wake yenyewe.

Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo, na Shimoni si mbali na kwetu. Nakumbuka mama akipika sufuria kubwa za wali na kuzipeleka kwa gari la jirani. Nakumbuka wanawake wamekaa chini ya miti na vifurushi, na lugha yao ilivyokuwa ileile yetu ila imepinda kidogo. Mzee alikuwa mmoja wa watu hao. Alikaa Shimoni wiki tatu, kisha akarudi kwa siri kwa sababu mkewe alibaki Konde na mtoto mgonjwa. Wengine serikali ya Kenya iliwahamishia Dadaab, kambi ya jangwani iliyojengwa kwa ajili ya Wasomali, mbali na bahari yoyote wanayoijua. Baadhi yao waliishia Mogadishu, wakakaa huko kwa miaka, katika mji ambao watu wake wenyewe walikuwa wanaukimbia.

Idadi ya waliokufa ina matoleo zaidi ya moja. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Aprili 2002, lilisema waliouawa hawakupungua 35 na waliojeruhiwa walizidi 600. Tume ya serikali iliyoongozwa na Hashim Mbita, iliyotoa ripoti yake mwaka huohuo, ilitaja vifo 31 na majeruhi 294. Tofauti ya vifo ni ndogo kwenye karatasi. Katika mji wa ukubwa wa Konde, watu wanne ni nyumba nne zenye matanga.

Asubuhi ya 31 Desemba mume wangu alitaka kuondoka. Mimi sikutaka. Barabara ya Mombasa kwenda juu ilikuwa na vizuizi, na Mombasa kwenyewe maduka yalikuwa yakivunjwa Changamwe na Bombolulu. Angefika vipi Eldoret, yeye, na kitambulisho chenye jina lile? Tulibishana kwa sauti ya chini chumbani, kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba. Mwisho mzee aligonga mlango. Hakutupa hotuba. Alisema, "Wanangu, kwenu nilikula wali wa nazi wa watu nisiowajua. Kaeni mpaka mjue mnakwenda wapi." Kuanzia siku hiyo alikataa kodi ya chumba.

Tukakaa siku tisa zaidi. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tulisikia redioni, na simu ya baba mkwe ilikuwa haipatikani. Mchana tulifanya kile ambacho watu wa Konde walitushauri, yaani tulitoka. Tulikwenda Tumbe kuangalia samaki wakipigwa mnada. Tulikwenda Chwaka kuona makaburi ya Wamazrui. Tulipanda mnara wa Ras Kigomasha, uliojengwa 1900 wakati wa Waingereza, na juu kabisa mume wangu akageukia magharibi na kuuliza, "Ile ndiyo Kenya?" Ilikuwa mawingu tu.

Nimesoma makala za watu waliojikuta likizoni karibu na vita, na wengi huandika kana kwamba uzuri wa mahali ulikuwa dhihaka. Mimi sikuuona hivyo. Mkondo ulikuwa bluu kwa sababu ni wa kina kirefu, na ulikuwa hivyohivyo Januari 2001, ngalawa zilipokuwa zikivuka zimejaa watoto. Kilichobadilika ni sisi tulivyohesabiwa. Tulifika na tiketi ya kurudi, na tulikuwa watalii. Siku ambayo kurudi kulikuwa hakuwezekani, tulianza kuletewa chakula kwenye sahani iliyofunikwa kwa kawa, na watoto wakaacha kutuomba peremende.

Majirani nao walibadilika, polepole. Yule aliyesema "Wameibiwa" hakuacha kuamini hivyo, wala mimi sikuacha. Tume ya Kriegler baadaye ilisema kura zilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akija kila jioni kumwuliza mume wangu, "Wazee wamepatikana?" Tarehe 4 walipatikana. Walikuwa kambini, katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret, pamoja na maelfu ya wengine. Jirani alilia kabla ya mume wangu kulia.

Yaliyofuata yamo katika vitabu vya historia. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Waliohamishwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Kofi Annan alikuja Nairobi kupatanisha, na pamoja naye Graça Machel na Benjamin Mkapa. Mkapa ndiye aliyekuwa Rais wa Tanzania Januari 2001. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2019, aliyataja mauaji ya Pemba kuwa doa katika uongozi wake. Mwafaka wa Kenya ulitiwa saini 28 Februari 2008, Rais Jakaya Kikwete akiwapo, mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo.

Zanzibar, kwa upande wake, ilikuwa na Muafaka wake wa Oktoba 2001, uliotoa ahadi nyingi kuliko ulizotimiza. Kisha Novemba 2009 Karume na Seif wakakutana, na Julai 2010 Wazanzibari wapatao theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Watu waliitazama Kenya walipokuwa wakiijadili. Haikuwa dawa ya kudumu: uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa wote, na Oktoba 2020 risasi zikasikika tena Pemba. Kenya nayo ilizika watu tena 2017. Mkondo umeendelea kuwa na pande mbili, na kila upande umeendelea kuwa na mwaka wake mbaya.

Ndiyo maana huwaambia vijana wanaoniuliza kuhusu Pemba waende, na waende mpaka Konde. Waingie Ngezi, waogelee Vumawimbi, walipe kiongozi vizuri. Kisha wakae barazani na kumwuliza mtu mzima alikuwa wapi mwaka 2001. Watakaojibu watajibu, na watakaonyamaza wana haki yao.

Baba na mama mkwe hawakurudi Burnt Forest. Shamba liliuzwa 2011 kwa bei ya chini, na sasa wanaishi Msambweni, mahali ambapo mahindi hayastawi kama kule kwao. Baba amejifunza kula samaki. Ana redio ya masafa mafupi aliyonunuliwa na mwanawe, na kila baada ya miaka mitano, Oktoba ikifika, huniuliza kama nimezungumza na yule mzee wa Konde, na kama kwao kumetulia.