Kisangani: Mji Uliozaliwa Meli Zinapokomea

Mji wa Kisangani uko pale ulipo kwa sababu meli haziwezi kwenda mbele zaidi. Kutoka Kinshasa chombo hupanda Mto Kongo kilomita zipatazo 1,700, msitu wa mvua kushoto na kulia, hadi kinapozuiwa na maporomoko ya Boyoma. Ni maporomoko saba, yaliyosambaa kwa kilomita kama 100 kutoka Ubundu hadi Kisangani. Hapo mzigo hushushwa. Msomaji wa Makambako, Tanzania, anaujua mji wa namna hii: kwake reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Zambia zilikutana, na penye watu wanaosubiri pakaota soko.

Vitabu huhesabu umri wa Kisangani tangu Desemba 1883, Henry Morton Stanley alipoweka kituo kisiwani. Hesabu hiyo inawapunja Wagenia, ambao tayari walikuwa wakivua katika maporomoko hayo. Kituo chenyewe hakikudumu. Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar, walikishambulia. Mwaka uliofuata, kwa mkataba uliofungwa Unguja, Tippu Tip huyohuyo akateuliwa kuwa gavana wa hapo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Tusilipake rangi jambo hili: Kiswahili kilifika Boyoma pamoja na pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Waliokipokea kwa uchungu ndio waliokifanya chao, na leo kinasikika sokoni sambamba na Kilingala.

Vita vya 1892 hadi 1894 vikavunja nguvu za Waarabu wa biashara hiyo, Wabelgiji wakabaki na mji walioutaja kwa jina la Stanley, yaani Stanleyville. Mwaka 1906 reli ya kuyakwepa maporomoko, Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ikaanza kazi.

Katika posta ya mji huu ndipo Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipofanya kazi ya ukarani, na hapa ndipo chama chake kilipokutana Oktoba 1959, mkutano uliomalizikia kwa damu na yeye kukamatwa. Mwishoni mwa 1960, alipotoroka kizuizini Kinshasa, alikuwa njiani kurudi kwa watu wake wa Stanleyville. Hakufika. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka. Jina la Kisangani likawa rasmi mwaka 1966. Kisha ikaja Juni 2000: majeshi ya Rwanda na Uganda, wageni wote wawili, yakapigana kwa mizinga kwa siku sita katikati ya makazi ya watu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo, mapigano haya yakiwemo. Aliyezika mtoto Juni ile hawezi kulipwa, lakini ilikuwa haki dhuluma ile iandikwe.

Mgeni anayefika leo apelekwe kwanza kwa Wagenia. Magogo marefu yamesimikwa katika matundu ya miamba, yakafungwa kwa kamba za mwituni yawe kama jukwaa juu ya maji yanayonguruma. Migono mikubwa, mipana mdomoni na kuchongoka nyuma, huning'inizwa humo ikiukabili mkondo. Samaki husukumwa ndani na nguvu ya maji, akashindwa kugeuka. Wanaume hupanda magogo hayo pekupeku, wengine wakijitosa, kukagua mitego. Jukwaa likisombwa na mafuriko, hujengwa jingine. Kwangu mimi hii ndiyo taasisi kongwe ya Kisangani, kuliko posta na kanisa kuu la ukingoni.

Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1963, na wataalamu wake wanauchunguza msitu unaouzunguka mji. Upande wa pili wa mto iko Lubunga, mojawapo ya manispaa sita. Hakuna daraja la kwenda huko. Watu huvuka kwa mitumbwi na kivuko, na bidhaa za mashambani huingia mjini kwa njia hiyohiyo.