Majina Matatu ya Bunduki ya Rashasha

Mtu akusanyaye bunduki za rashasha za kale huko Marekani hana budi kuwa hodari wa maana za maneno kabla hajawa hodari wa vyuma. Sheria ya 1934, iliyoziingiza silaha hizo katika daftari la serikali, huitambua rashasha kwa kifyatulio chake: kukibana mara moja kukitoa risasi zaidi ya moja, pasipo kushindilia upya, basi ni rashasha. Tazama bunduki ya Richard Gatling, ya mwaka 1862. Ina mitutu mingi iliyopangwa kwa duara, nayo huzungushwa kwa mkono, kama fundi azungushavyo cherehani. Mwaka 1955 serikali ilitamka kwamba Gatling zilizoundwa kwa hati za uvumbuzi za 1862 hadi 1893 hazimo katika fasili hiyo. Bunduki ya Hiram Maxim, iliyobuniwa London mwaka 1884, imo. Kwani mshindo wa risasi iliyotangulia ndio utoao ganda tupu na kutia risasi nyingine, kiasi cha risasi 600 kwa dakika.

Tofauti hii si mchezo wa wanasheria. Tangu Mei 1986 daftari limefungwa kwa raia. Maxim ya miaka ya 1890 isiyoandikwa, ikikutwa darini mwa marehemu, mrithi hawezi kuimiliki. Ni bahati ikipata nafasi katika jumba la makumbusho, la sivyo huishia kukatwa vipande. Gatling ya umri uo huo huuzwa na kununuliwa.

Kiswahili hakikutazama kifyatulio. Zama za Wadachi silaha hii iliitwa bombom, na jina hilo ni mlio wake mtupu. Rashasha lina asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya kunyunyiza, lililotupa pia marashi, na mrashi wa kunyunyizia wageni arusini, na rasharasha za mvua. Ni ujamaa wa maneno wa kutisha kidogo. Sheria, basi, yatazama kidole cha mpigaji. Bombom ni habari ya sikio, na rashasha ni habari ya mahali risasi ziangukiapo.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Mahenge, wakiamini kuwa risasi zingegeuka maji. Ndani ya boma mlikuwa na bombom mbili.

Wakusanyaji huuliza kiwanda, mwaka, na kama nambari ya mtambo yalingana na nambari ya kiwiliwili. Zikilingana, bei hupanda. Ni elimu ya kweli, tena yenye subira. Lakini kadi ya Maxim iliyopitia Afrika ya Mashariki, ikiwa haitaji ilikuwa katika boma gani, imeeleza nusu ya chombo. Na kando ya nambari hizo jina bombom lastahili kuandikwa.