Eliza, Mashine Iliyojua Kujibu

Miongoni mwa programu zilizoandikwa katika siku za mwanzo za kompyuta, ni chache zilizowashangaza watu kama Eliza, na ni chache zaidi zilizomgeuza mtungaji wake akawa mkosoaji wa fani yake mwenyewe.

Mtungaji huyo, Joseph Weizenbaum, alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1936, Wanazi wakiwa wametawala Ujerumani, wazazi wake walihamia Marekani pamoja naye. Kabla ya Eliza alikuwa amekwisha kutunga SLIP, maktaba ya programu ya kupanga na kupangua orodha. Maktaba ya namna hii haina vitabu. Ina kazi ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtungaji wa programu huziazima, kama vile seremala achukuavyo randa iliyokwisha kutengenezwa badala ya kuanza kuifua. Juu ya msingi huo alijenga Eliza katika chuo cha MIT, kati ya mwaka 1964 na 1966. Jina alilitoa katika mchezo wa Bernard Shaw uitwao Pygmalion, ambamo msichana muuza maua anafundishwa kusema kama mabibi wakubwa.

Basi ilikuwaje mashine ijibu? Mtu aliandika sentensi yake kwa taipu iliyounganishwa na kompyuta. Programu ililichungua kila neno, ikitafuta yale yaliyomo katika orodha yake. Kila neno la orodha lilikuwa na daraja; yakipatikana mawili, lenye daraja ya juu ndilo lililofuatwa. Kisha sentensi ilikatwa vipande, "mimi" ikageuzwa "wewe", na kipande kikapachikwa ndani ya jibu lililokuwa tayari. Kama hapakuwa na neno lililojulikana, Eliza iliweza kurudia jambo lililotajwa mapema, au kumwomba msemaji aendelee tu. Maana ya maneno haikuijua hata kidogo. (Kazi hii ni nyepesi kwa Kiingereza, ambacho hutenga maneno ya mimi na wewe. Lugha yetu huyaficha ndani ya kitenzi: "ninakuogopa" ni neno moja, na kuligeuza liwe "unaniogopa" kwahitaji kulipasua kwanza.)

Weizenbaum alikuwa mwerevu katika kuchagua mazungumzo yenyewe. Maagizo yaliyopata sifa kuliko mengine yaliitwa Daktari, nayo yaliiga, kwa mzaha, wafuasi wa Carl Rogers, ambao humrudishia mgonjwa maneno yake ili ajieleze zaidi. Mgonjwa akisema, "Jana nilikwenda ziwani," tabibu wa namna hiyo aweza kujibu, "Nieleze habari za ziwa," wala hapana atakayedhani kwamba tabibu hajui ziwa ni nini. Ujinga wa mashine ukapata vazi la hekima.

Lakini mzaha ulichukuliwa kuwa kweli. Karani wa Weizenbaum, aliyemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi, alizungumza nayo kidogo tu, kisha akamwomba bwana wake atoke chumbani. Mwaka huo huo wa 1966 tabibu Kenneth Colby na wenzake, waliotunga programu yao ya namna hiyo, waliandika kwamba kompyuta moja ingeweza kuwahudumia mamia ya wagonjwa wa akili kwa saa. Jambo hili lilimtisha Weizenbaum. Yeye alikuwa ameeleza waziwazi jinsi mashine inavyofanya kazi, akitumaini kwamba siri ikifunuliwa mshangao utakwisha, nao haukwisha.

Mwaka 1976 alitoa kitabu akishindana na wenziwe. Hoja yake haikuwa kwamba kompyuta haitaweza. Alisema kuwa ziko kazi, kama ya hakimu na ya tabibu wa nafsi, ambazo haifai kupewa hata ikiweza, kwa kuwa zadai huruma ya mtu aliyepata kuishi kama watu. Wengi katika fani yake walimpinga vikali. Naye alishikilia neno lake hadi alipofariki mwaka 2008.

Mwaka 2021 karatasi zenye programu ya asili zilipatikana katika nyaraka zake huko MIT, na mwishoni mwa mwaka 2024 wataalamu waliiendesha tena, kwa kompyuta ya leo iliyofanywa kuiga ile ya kale.