Kiboko Hakikuondoka na Mjerumani

Ndugu msomaji, wiki hii naomba nianze na jambo dogo lililonipata mwenyewe hapa mjini Songea, kisha ndipo tuingie kwenye historia.

Nilikuwa Mfaranyaki nasubiri usafiri wa kwenda Mahenge. Akasimama kijana wa bodaboda, akavua kofia yake ngumu, akasema: "Shikamoo, mwalimu." Nilishtuka. Ni watu wachache wanaojua kwamba kabla ya kusomea stashahada ya uandishi wa habari na kuingia redioni, nilijitolea kufundisha kwa mwaka mmoja katika shule ya msingi ambayo sitaitaja. Nikaitikia marahaba, nikainua mkono nimshike bega kwa furaha. Kijana yule, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wawili, akajikunyata na kuinua kiwiko kukinga uso. Ilikuwa nukta moja tu. Akacheka, nami nikacheka. Lakini njia nzima hadi Mahenge sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekumbuka fimbo niliyomchapa, na kosa lenyewe: alichelewa namba asubuhi, siku ya mvua.

Kichwani mwake alikwisha kunisamehe, maana alisimama mwenyewe kunisalimu. Mwili wake ulikuwa haujapata habari hiyo.

Mahenge ndipo yalipo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, na kila mtu wa Songea anajua kwa nini yako pale. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa zaidi ya 60 wa vita vya Majimaji. Wengi walizikwa katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, alinyongwa pia na kuzikwa peke yake. Kisha yakaja yale yaliyoua wengi zaidi kuliko risasi na kamba: mashamba na maghala yalichomwa moto, njaa ikaingia. Makadirio ya waliokufa katika vita vyote na njaa yake yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa yale waliyotenda Wajerumani. Lilikuwa jambo kubwa, na waliokuwapo hawatalisahau.

Lakini kamba ya kunyongea ilikuwa chombo cha siku za vita. Chombo cha kila siku kilikuwa kiboko, mjeledi uliopewa jina la mnyama ambaye ngozi yake iliutengeneza. Amri ya Chansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 iliweka hata kipimo chake: mwisho viboko 25, na vingeweza kutolewa kwa awamu mbili, wiki mbili zikipita katikati. Waarabu na Wahindi hawakuguswa na adhabu hiyo. Mgongo uliolengwa ni wa Mwafrika. Wazee waliita "hamsa ishirini", wala hawakuhitaji kueleza zaidi. Ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu wa Umatumbi wang'oe pamba mwezi Julai 1905, moto ambao baadaye ulifika huku Ungoni.

Mjerumani akaondoka. Mwingereza akaja, akakuta fimbo, akaitumia. Tukapata Uhuru mwaka 1961, tukashusha bendera, tukabadilisha majina ya barabara. Kiboko tulikiacha shuleni. Kanuni zetu zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zinaweka mpaka wa viboko 4, kwa kosa kubwa, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Jiulize, msomaji, ulipokuwa shuleni uliwahi kukiona kitabu hicho? Mimi nilifundisha mwaka mzima, sikukiona. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wasichana kwa wavulana, walipata ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani zetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001.

Najua nitajibiwa kwa methali. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi. Methali ni zetu na nina heshima nazo. Lakini kumkunja samaki si kumponda, na kutomchelea mtoto si lazima kumtoa damu.

Tuangalie kinachotokea ndani ya mtoto. Akisikia viatu vya mwalimu ukumbini, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, tumbo linavuruga. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Darasani haruhusiwi lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo anaganda. Akili iliyoganda haisomi hesabu. Hali hiyo ikijirudia miaka saba, mwili unaizoea kama njia ya kwenda kisimani. Ndiyo maana maneno matupu hayatoshi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hatari imepita.

Daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk, Mholanzi aliyefanya kazi Marekani, alitoa mwaka 2014 kitabu kilichosomwa duniani kote kuhusu jambo hili: kwamba mwili hutunza hesabu ya mateso. Zimetokea tiba zinazoanzia mwilini. Mtu hufundishwa kushusha pumzi polepole, maana pumzi ndefu ya kutoka hutuliza mapigo ya moyo. Hufundishwa kusikia miguu yake imekanyaga chini. Hutembea, hucheza, hufuata mdundo pamoja na wenzake. Nyingine kati ya tiba hizo bado wataalamu wanabishana juu ya nguvu yake, nami si daktari. Mwenye jeraha kubwa apelekwe kwa wataalamu hospitalini.

Hata hivyo, mtu wa Ruvuma akisikia habari za mdundo na mwendo wa pamoja, hawezi kuona ni kitu kigeni. Tuna lizombe, tuna kioda. Tuna mganda, ambamo wanaume wa kandokando ya Ziwa Nyasa waliligeuza gwaride la askari wa kikoloni kuwa ngoma ya mashindano na furaha. Sisemi ngoma ni dawa ya kila kitu. Nasema watu waliotembezwa kwa amri ya mzungu walichukua mwendo uleule wakautembea kwa hiari yao, wakicheka. Hilo si jambo dogo kwa mwili.

Na mwalimu je? Mwalimu ni mtoto wa jana aliyepigwa. Anaingia darasa lililofurika, madawati hayatoshi, nyumbani ana madeni. Moyo wake nao unakwenda mbio. Siku ile niliyomchapa kijana wangu, nilikuwa nimekalipiwa asubuhi mbele ya walimu wenzangu. Fimbo haikumhusu yeye kabisa.

Kwa hiyo nilifurahi kusoma utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Mabula Nkuba na wenzake, uliofanyika katika shule 8 za sekondari za serikali hapa nchini. Walimu walipewa mafunzo ya siku tano na nusu: wakumbuke walivyopigwa wao wenyewe, wafahamu kipigo humfanya nini mtoto, wajifunze njia nyingine za kuongoza darasa, na wasaidiane wenyewe kwa wenyewe. Miezi mitatu baadaye ukatili ulikuwa umepungua kuliko katika shule ambazo hazikupata mafunzo. Walimu walisema hivyo, na wanafunzi nao walisema hivyohivyo. Hapakuhitajika jengo jipya.

Kila Februari tunaweka silaha za jadi na maua pale Mahenge. Ni wajibu wetu. Lakini mashujaa wale walikufa wakikikataa kiboko, nasi tunatoka kwenye sherehe tukikirudia darasani. Ningependa kuona shule zetu zikianza siku kwa ngoma au mchezo badala ya fimbo ya namba, na mwalimu aliyekasirika akipewa ruhusa ya kutoka nje, apumue, ndipo arudi.

Jumapili nilimfuata kijana yule kijiweni kwake. Nilimwita kwa jina lake, nikamwomba radhi, mikono yangu nikiwa nimeifunga nyuma ili asiiogope. Akasema: "Yameisha hayo, mwalimu." Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ni kweli nilikuwa nakumbuka ile mvua.

Mjerumani alichukua miaka 117 kuja kuomba msamaha. Mimi nimechukua zaidi ya 20. Mwalimu unayesoma ukurasa huu, wewe unaweza kuanza Jumatatu.

Tukutane wiki ijayo.