Sifa, Kipimo na Mliko

"Mwalimu, hii ina kipimo gani?"

Fundi wa mashine ya kusaga pale Mungaa, wilayani Ikungi, aliniuliza hivyo huku ameshika kamshafti iliyotoka kwenye skrepa za Singida mjini. Haikuwa na namba wala chapa. Palipokuwa na herufi palishaliwa na kutu. Ya kwake ilikatika shingoni siku mbili kabla, na wenye madebe ya mahindi walishaanza kwenda kusaga kijiji cha pili. Nikamrudishia swali: "Kipimo gani, fundi?" Akanitazama. Hakuwa na jibu, na mimi ninayekula mkate wa maneno sikuwa nalo.

Neno kipimo tumelitwisha mzigo mzito. Mgonjwa akienda hospitali anafanyiwa kipimo. Dawa anayopewa ina kipimo chake. Rula ni kipimo, na urefu unaosomwa kwenye rula nao ni kipimo. Wazee wetu walikuwa na maneno mahususi zaidi: shibiri, dhiraa, wari, kibaba, pishi. Hata pima lilikuwa jina la urefu kamili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa. Leo jina hilo limebaki zaidi kwa mabaharia, na nomino moja, kipimo, imeachiwa kazi zote.

Kwa chuma kile cha Mungaa, mambo matatu yalikuwa yamejificha nyuma ya neno moja. Kuna kilichokusudiwa na kiwanda: hicho nakiita sifa. Kuna unachosoma wewe leo kwenye kalipa: hicho ndicho kipimo. Na kuna tofauti kati ya hayo mawili, yaani kile ambacho miaka ya kazi imekitafuna. Mafundi hawasemi "imechakaa" kwa jambo hili, wanasema "imelika". Basi tofauti hiyo naiita mliko. Anayeokota kamshafti isiyo na jina ana kipimo peke yake mkononi. Sifa lazima aitafute kwa hoja, na mliko ataupata kwa kutoa.

Nieleze kidogo kwa asiyekijua chombo chenyewe. Kamshafti ni fimbo ya chuma inayozunguka, yenye vimbe zinazosukuma valvu zifunguke kwa zamu. Katika injini ya mipigo minne inazunguka mara moja wakati krankishafti, ile fimbo kuu inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili, ndiyo maana gia yake ina meno mara mbili ya gia ya krankishafti. Injini nyingi ndogo za dizeli zinazosaga unga na kukamua alizeti vijijini zina silinda moja, na kwenye kamshafti unakuta vimbe mbili za valvu, na mara nyingi ya tatu ya pampu ya mafuta.

Zile vimbe zinaitwaje? Orodha za istilahi nilizowahi kuzisoma hutaja chombo kizima, zikanyamaza zikifika kwenye viungo vyake. Fundi wangu alisema "hiki kinundu", bila kufikiri, kama mtu aliyekua akichunga ng'ombe. Nami nasema tuishike hapo hapo: nundu. Anayemjua ng'ombe wa kwetu haelezwi zaidi. Nundu ikipatikana, viungo vingine vinakuja vyenyewe: ncha ya juu inayosukuma iwe utosi, na upande wa mviringo usiosukuma kitu uwe kisogo. Toa kisogo kwenye kimo chote cha nundu, unabaki na mwinuko.

Tukapima. Kisogo, kwa kukibana kalipa kiubavu, milimita 31.00. Nundu ya kuingiza hewa, kutoka kisogoni hadi utosini, 38.40, mwinuko 7.40. Nundu ya kutolea moshi 37.85, mwinuko 6.85. (Kisogo hupimika hivi pale tu kalipa inapogusa mviringo pande zote mbili. Nundu ikiwa pana mno, mbavu zake huingia njiani, na kisogo kitaonekana kinene kuliko kilivyo.)

Je, ile nusu milimita iliyopungua ni sifa au ni mliko? Viwanda vingine hutofautisha nundu hizo mbili kwa makusudi, hivyo kipimo peke yake hakisemi. Tukaichukua ile iliyokatika. Gia, meno 56, sawa na ile ya skrepa, shingo sawa, umbali kati ya nundu na nundu sawa. Nundu zake mbili zilitoa 7.40 na 7.35. Hapo sifa ikajitokeza: kiwanda kilikusudia mwinuko mmoja, na ile ya skrepa ilikuwa imelika milimita 0.55 upande wa moshi. Utosi wake ulikuwa bapa, unang'aa kama sarafu. Hakuna kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi ya valvu, kutakakorudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Valvu haitafunguka kikamilifu, moshi kiasi utabaki ndani, na injini itakuwa nzito kila ikikutana na mahindi.

Limebaki neno moja linalonisumbua. Valvu hukaa wazi kwa kitambo fulani, na wengi husema "muda". Lakini muda huo hauhesabiwi kwa sekunde, unahesabiwa kwa digrii za krankishafti. Valvu ikifunguka digrii 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, ikafunga digrii 40 baada ya kupita chini kabisa, jumla ni 10 na 180 na 40, yaani 230. Kuita hesabu hiyo muda ni kumpoteza mwanafunzi. Napendekeza mfunguko. Na anayeutaja aseme ameanzia wapi kuhesabu: wengine huanza nundu ikishainua milimita 1, Wamarekani huanza kwenye inchi 0.050, sawa na milimita 1.27, na chuma kile kile kitapewa mifunguko miwili.

Istilahi ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa neno suluhu. Maana yake ya asili ni mapatano. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi, na nina imani nalo. Lakini mapatano yanahitaji pande mbili, na upande mmoja umesimama gereji na mikono yenye grisi. Neno "imelika" halikutungwa na kamati.

Fundi alinipa kipande cha boksi nimwandikie maneno ya kumsomea muuza spea kwa simu. Niliandika: gia meno 56, kisogo 31.00, mwinuko 7.40 nundu zote mbili. Muuzaji aliuliza mara moja tu nundu ni nini. Alipoambiwa, alicheka, akaenda kutafuta rafuni. Wewe unayesoma haya ukiwa na spana mkononi, andika jinsi mnavyoita vyuma hivi kwenu, uyapeleke maneno hayo kwa Baraza kabla hayajasahaulika.