Jino la Pembe na Pengo la Ujiji

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Sisi tuliozaliwa Ujiji tunaujua msemo huo kwa uzito wake, maana pembe zilipita mbele ya milango ya babu zetu kwenda Tabora, Bagamoyo na Unguja, nasi tukabaki na mapengo. Nimekuwa tabibu wa meno hapa Kigoma mpaka nilipostaafu. Nikisoma historia ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, jicho langu hukimbilia midomo ya watu.

Wageni wanaofika kwenye makumbusho yetu huonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Habari za meno hawaulizi. Livingstone alikuwa daktari, alisomea Glasgow, lakini alipofika Ujiji Machi 1869 alikuwa hoi. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, wapagazi walipotoroka nalo. Alipovuka ziwa kwenda Manyema, meno yake yakavunjika kwa kutafuna mahindi magumu, hata akamwandikia binti yake Agnes kwamba jino la mbele limeng'oka. Baadaye, mwaka 1882, Southon, daktari wa misheni kule Urambo, alipigwa risasi kwa ajali. Akakatwa mkono, akafa. Mgonjwa alikuwa yeye, na daktari wa karibu alikuwa ni yeye yule.

Hao walisafiri wakaumia wenyewe. Robert Koch, daktari Mjerumani, alisafiri, wakaumia wengine. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili. Alipoona ugonjwa unarudi aliongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Koch akarudi Ujerumani. Kambi za malale za Wajerumani zilifika hadi mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, upande ambao leo ni Burundi. Dawa ya mgeni haikuwa na ubaya kwa kuwa ni ya mgeni. Ubaya ulikuwa kwamba aliyeidunga alikuwa na safari ya kurudi kwao, na aliyepofuka hakuwa na pa kulipeleka shauri lake.

Kisha ikaja zamu ya wagonjwa kusafiri. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli iliyoundwa Papenburg kwa jina la Graf von Götzen ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Tangu hapo mgonjwa wa Kasanga au Karema aliweza kuja kutibiwa mjini, ila kurudi kwake kulitegemea ratiba ya meli. Nchi yenyewe ilianza kufundisha madaktari wa meno Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo waliotaka shahada hiyo walikwenda kuisomea ng'ambo.

Nilipokuwa kazini, foleni yangu ilikuwa na watu wa Kalemie, Baraka na Uvira kule Kongo, pamoja na wa Mwanga na Gungu hapa mjini. Mama mmoja aliniambia, "Baba daktari, boti inaondoka saa nane, ng'oa tu." Kung'oa ni kazi ya dakika. Kuuma shashi mpaka damu ikate ni nusu saa. Lakini kidonda kikikauka vibaya, maumivu huanza siku ya pili au ya tatu, na siku hiyo mgonjwa yuko Kongo. Ningemkatalia, angerudi kwao na jipu lake. Nilimtibu, nikaandika kwenye karatasi jino gani nimeng'oa, dawa gani nimempa, na dalili zipi zikitokea asisubiri. Karatasi hiyo niliihesabu kuwa sehemu ya tiba.

Kuna wageni waliokuja na taa za kichwani, wakang'oa meno ya kijiji kwa siku chache, wakapiga picha, wakaondoka. Waliosaidiwa ni wengi na sitawadharau. Lakini mizizi iliyokatikia ndani ya ufizi nimeitoa mimi, bila kujua aliyeanza alifanya nini, kwa sababu hakuacha hata mstari mmoja. Shirika la Bridge2Aid la Uingereza lilichukua njia nyingine: kuwafundisha matabibu wa vijijini Tanzania kung'oa jino kwa usalama. Mwalimu akipanda ndege, mikono inabaki.

Siku hizi wenye uwezo wanakwenda India kupandikiza meno. Ni haki yao, fedha ni zao. Ila skrubu ya jino hilo ikilegea Kigoma, tabibu wa hapa hajui ni ya aina gani wala ufunguo wake uko wapi, na dakika anazozitumia kukisia zinatoka kwa mtoto mwenye jipu aliyeko kwenye benchi. Gharama ya safari ya mmoja hulipwa kidogo na wasiosafiri.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mimi naongeza sharti: anayefungua mdomo wa mtu anawajibika nao mpaka kidonda kifunge. Kama hawezi kukaa, aandike alichofanya na amkabidhi mgonjwa kwa mwenzake kwa jina. Kama hawezi hata hilo, asiguse koleo, isipokuwa kuokoa maisha.